Brashi mpya ya kunyolea ya nywele za nguruwe: namna ya kuilainisha

Karibuni, watazamaji. Brashi hii nimeitoa kwenye boksi sasa hivi. Nikiipitisha shavuni hivi ikiwa kavu, inachoma. Wengi wakifika hapa huiweka kando, wakidhani wameuziwa kitu kibovu. Si mbovu, haijafunguka tu.

Nasogeza kamera. Tazama ncha za hii mpya, kisha tazama hii nyingine niliyoitumia muda mrefu. Umeona? Kila unywele umepasuka nchani, mmoja umekuwa miwili, mitatu. Huo mpasuko ndio ulaini wenyewe. Kule chini nywele bado ni ngumu, na tunataka zibaki hivyo, kwa sababu ugumu huo ndio unaosugua sabuni vizuri.

Tuanze na kuosha, maana brashi mpya huwa na harufu ya mnyama. Maji ya vuguvugu, shampuu kidogo, sugua kiganjani, suuza. Harufu ikibaki, usihangaike nayo, itaisha yenyewe baada ya kuoshwa mara kadhaa.

Sasa loweka. Maji yawe vuguvugu, yasichemke, kwani maji ya moto sana huharibu nywele na kulegeza gundi iliyozishika. Zamisha nywele peke yake, mpini ubaki nje, hasa ukiwa wa mti. Mara hii ya kwanza ipe dakika 10. Nywele za nguruwe hunywa maji ndani yake, na bila kunywa hazilainiki.

Kung'uta kidogo, kisha zungusha juu ya sabuni ya kunyolea. Angalia, povu linakuja... na linapotea. Brashi mpya hula povu. Usikate tamaa, irudishe kwenye sabuni, ongeza matone machache ya maji, endelea kiganjani kama dakika 5. Mkono uwe mwepesi. Usiikandamize mpaka nywele zikunjike shinani, zitakatika. Nywele chache zikidondoka siku za mwanzo ni kawaida. Zikitoka kwa vishungi, au wiki zikipita na bado zinadondoka, hiyo ina kasoro, irudishe ulikoinunua.

Wapo wanaoiacha na povu lake usiku kucha, wakaisuuza asubuhi. Haina ubaya, nami nimefanya hivyo. Ila wanaodhani usiku mmoja unatosha wanajidanganya.

Maana kazi kubwa, ndugu yangu, ni kukausha. Unywele ukinywa maji unavimba na kulegea, ukikauka unasinyaa na kukaza. Kuvimba na kusinyaa huko, tena na tena, pamoja na kusuguliwa, ndiko kunakozipasua ncha. Kwa hiyo ukiisha suuza, kamua taratibu kwa vidole, kung'uta, pangusa kwenye taulo, kisha iache penye hewa. Usiianike kwenye jua kali, wala usiifungie kwenye boksi ikiwa na unyevu, itaota ukungu. Kesho yake usiiguse kama ndani bado ina unyevunyevu. Ukiwa na brashi mbili, zipishane.

Na tafadhali, usichukue mkasi wala msasa. Ncha ya asili ndiyo inayopasuka vizuri. Ukiikata umebaki na kisiki.

Nyolea kama kawaida katika kipindi hiki chote. Kufika mara ya 10 utaona povu halipotei tena, na kati ya mara ya 15 na ya 20 shavu litakuambia lenyewe. Hapa nipo na ile ya zamani: laini kabisa, lakini bado ina nguvu.

Kuloweka hakuishi hata ikishalainika, ila dakika 2 au 3 zinatosha. Mimi huitumbukiza majini kabla sijaingia kuoga, nikitoka iko tayari.