Kupima Kuvu na Unyevu Majumbani: Tuanze na Pua

Kila ninaposimama mbele ya maafisa afya naulizwa: "Mwalimu, spora ngapi za kuvu katika mita moja ya ujazo wa hewa ndiyo hatari?" Spora ni vile vijimbegu vya kuvu vinavyopeperuka hewani. Kiwango hicho hakipo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa unyevu na kuvu majumbani mwaka 2009, na halikuweka namba. Lilisema zuieni unyevu.

Najua wapo wanaosema moyoni, huyu anakataa vipimo. Sikatai! Tazameni mashine yenyewe ya kupimia hewa. Inavuta hewa dakika chache, spora zinanasa kwenye kisahani, kisahani kinakwenda maabara, siku kadhaa baadaye tunahesabu kilichoota. Dakika chache, jamani, na mtoto analala chumba kile masika na kiangazi. Mama akifagia kabla hujafika, hesabu inapanda. Akifungua dirisha, unahesabu kuvu ya mwembe wa jirani. Rudi jioni, namba nyingine. Tena kisahani huotesha zilizo hai tu, na si zote, ilhali spora iliyokufa, hata kipande chake, inaweza kuamsha mzio. Kwa hiyo namba ndogo haisemi nyumba ni salama. Na hili ndilo linaloniudhi: mpangaji anakabidhiwa karatasi kwamba hewa yake ni ya kawaida, na nyuma ya kabati ukuta ni mweusi.

Mtasema siku hizi kuna kipimo cha vinasaba. Marekani wana kipimo cha vumbi kinachotafuta aina 36 za kuvu. Shirika lao la mazingira lenyewe linasema ni cha utafiti tu, si cha kuamulia nyumba ya mtu.

Kinachoonekana kufuatana na pumu, utafiti baada ya utafiti, ni kile mtu anachokiona na kukinusa: doa la maji, rangi inayobambuka, kuvu, uvundo. Uvundo hasa. Ukiingia, vuta pumzi pua haijazoea, andika hapohapo. Sogeza kabati, inua godoro, pima upana wa doa. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ina fomu ya kukagulia shule na ofisi inayoipa kila sehemu ya chumba alama 0 hadi 3. Hicho nacho ni kipimo.

"Lakini macho yana upendeleo." Kweli. Mzazi wa mtoto mwenye pumu huitafuta kuvu kuliko jirani yake, basi asitegemewe peke yake. Mpeleke mkaguzi asiyejua nani mgonjwa. Peleka wawili, chumba kimoja, kila mmoja na fomu yake, mlinganishe.

Huko Rochdale, Uingereza, Awaab Ishak alifariki Desemba 2020, mtoto wa miaka miwili. Baba yake alilalamikia kuvu tangu 2017, akaambiwa apake rangi. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba kuvu ya nyumba ile ndiyo chanzo. Ilikuwa ukutani, ikionekana kwa macho. Nani alihitaji kuhesabu spora pale?

Naona naonyeshwa saa. Nyumba za mawe za Unguja, kuta za chokaa zinazozibwa kwa saruji unyevu ukanaswa ndani, hilo linataka siku yake. Moshi wa mkaa nao uandikeni kwenye fomu hiyohiyo, maana unakohoza vilevile. Fomu ziko mezani pale mlangoni, chukueni mbilimbili.