Nani Anashika Mizani? Mishahara ya Marekani Wakati wa Vita Kuu ya Pili

Mwenyekiti, viongozi wa matawi, na ninyi wenzangu, nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie serikali inapojitwika kuamua migogoro ya kazi nchi ikiwa vitani. Nitakaa Marekani, kati ya 1942 na 1945.

Baada ya Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani, kushambuliwa Desemba 1941, Rais Roosevelt aliwaita Washington viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wa waajiri. Wakakubaliana kwamba mpaka vita viishe hakuna kugoma, wala kuwafungia wafanyakazi mageti. Januari 1942 ikaundwa Bodi ya Taifa ya Kazi Wakati wa Vita. Ilikuwa na wajumbe 12: wanne wa wafanyakazi, wanne wa waajiri, wanne wa umma, na mwenyekiti wake mwanasheria William H. Davis. Usawa mzuri huo, kwenye karatasi. Lakini mfanyakazi alikuwa ameweka mezani silaha yake kubwa. Mwajiri aliweka nini? Kiwanda kilichojaa oda za serikali kina haja gani ya kufunga geti?

Julai 1942 ikafika zamu ya wafanyakazi wa kampuni nne za chuma zilizojulikana kama Little Steel. Waliomba nyongeza ya dola 1 kwa siku, wakapewa senti 44. Bodi ilisema gharama za maisha zilipanda asilimia 15 kati ya Januari 1941 na Mei 1942, basi viwango vya mshahara navyo visipande kupita hapo. Kufikia Oktoba, hata nyongeza ambayo mwajiri ameiridhia mwenyewe ilihitaji kibali cha Bodi.

Kila kitu sasa kikaning'inia kwenye ile 15. Mkulima wa korosho anajua: kabla ya kubishania bei, tazama kwanza mizani. Mapema 1944, George Meany na R. J. Thomas, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, walitoa hesabu yao: gharama zimepanda asilimia 43.5 tangu Januari 1941. Takwimu za serikali zilisema 23.4. Hata ukiichukua hiyo ya serikali, mshahara ulikuwa umeachwa nyuma.

John L. Lewis wa chama cha wachimbaji makaa ya mawe hakuisubiri hesabu hiyo. Mwaka 1943 alikataa hata kufika mbele ya Bodi. Alidai dola 2 zaidi kwa siku, na malipo ya muda ambao mchimbaji anasafiri chini ya ardhi, kutoka mdomo wa mgodi hadi anapochimba. Migomo ikazuka, mwezi Mei serikali ikaitwaa migodi na kumkabidhi waziri Harold Ickes. Mwezi Juni Bunge likapitisha sheria ya kubana migomo, likiipindua kura ya turufu ya Roosevelt mwenyewe. Lewis alikuwa na kiburi, sikatai. Ila kuhusu ule muda wa safari alikuwa na haki kabisa: mtu aliyeko chini ya ardhi kwa ajili ya mwajiri yuko kazini. Kufikia Novemba, malipo hayo yaliingia kwenye makubaliano. Kipimo cha 15 hakikuguswa, mfukoni pesa zikaongezeka.

Waajiri nao walikaidi. Aprili 1944 Sewell Avery, mkuu wa kampuni ya maduka ya Montgomery Ward, alibebwa na askari kutoka ofisini kwake Chicago, ameketi mikononi mwao kama bwana harusi, baada ya kampuni kugomea amri ya Bodi.

Mshahara ulipozibwa, majadiliano yakahamia kwenye marupurupu: likizo ya malipo, bima ya afya. Mmarekani wa leo anayepata matibabu kupitia mwajiri wake anakula, kwa sehemu kubwa, matunda ya miaka ile.

Bodi ilivunjwa mwisho wa 1945. Januari 1946 wafanyakazi wa chuma wapatao 750,000 waligoma. Walirudi kazini na senti 18.5 zaidi kwa saa, na kampuni zikaruhusiwa kupandisha bei ya chuma dola 5 kwa tani.

Naomba maswali.