Bahari Haina Ijumaa

DADA: Karibuni tena kwenye kipindi. Mimi ndiye mkubwa, huyu ni mdogo wangu, na leo ana kesi ya kujibu.

MDOGO: Kesi gani tena, dada? Nilikupa rasimu uisome, sikukupa unihukumu.

DADA: Nimeisoma jana usiku mpaka mwisho. Wasikilizaji, mdogo wangu ameandika riwaya ya watoto. Kuna mvulana wa miaka 10, mdogo wake wa kike wa miaka 4, na dada yao mkubwa ambaye anatoweka ufukweni kwenye sura ya 3. Huyo dada kila akiamka hupiga chafya tatu mfululizo. Hebu niambie, unamjua nani mwingine wa chafya tatu?

MDOGO: (anacheka) Yule ni mhusika tu.

DADA: Umenizamisha!

MDOGO: Umetoweka tu. Na mwishoni unarudi.

DADA: Hapo kwenye kurudi ndipo ugomvi wetu ulipo, tutafika. Kwanza nikusifu kidogo. Usiku wa kuamkia siku ya kutoweka, wanagombana, na mvulana anamwambia dada yake, "Potelea mbali!" Kesho yake dada kweli amepotelea mbali. Niliposoma pale niliweka karatasi chini.

MDOGO: Ni neno tunalolisema ovyo. Nimekuambia wewe mara ngapi?

DADA: Kila nilipokuzima televisheni. Lakini mtoto halichukui ovyo. Watoto wengi wanaofiwa hubeba siri hiyo, kwamba walichosema au walichowaza ndicho kilichoua, na hawamwambii mtu. Kwa hiyo kitabu chako kina mafumbo mawili. La nje, dada yuko wapi? La ndani, je, ni mimi? Ubaya ni kwamba umehangaika na la nje tu, na hilo lenyewe umelikosea.

MDOGO: Nimelikosea wapi?

DADA: Maji. Shahidi wako anasema Ijumaa saa sita mchana alimwona dada akivuka kwa miguu kwenda kisiwani, mchanga uko wazi. Ijumaa inayofuata mvulana naye anavuka saa sita hiyo hiyo, mchanga uko wazi. Haiwezekani.

MDOGO: Mbona siku ni ile ile?

DADA: Bahari haina Ijumaa. Inaufuata mwezi. Kwenye pwani nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika saa 24 na dakika kama 50, maana dunia ikimaliza mzunguko mmoja, mwezi nao umeshasogea, inabidi dunia iufukuzie kidogo. Basi kila siku maji yanachelewa dakika 50 hivi. Zidisha kwa siku 7.

MDOGO: Dakika 350. Karibu saa 6.

DADA: Na kutoka kupwa hadi kujaa ni saa 6 na dakika chache. Kwa hiyo kama leo saa sita mchana yamekupwa, wiki iliyopita saa hiyo yalikuwa yamejaa.

MDOGO: Ngoja kwanza. Ngoja. Basi shahidi amesema uongo!

DADA: Au amekosea saa.

MDOGO: Usiniharibie, dada. Amesema uongo. Na mvulana anaweza kumnasa kwa vidole vyake tu, bila simu, bila polisi.

DADA: Sasa unaandika. Ila shahidi asiwe mvuvi, ulivyoweka wewe. Mvuvi hawezi kukosea pale hata akiwa usingizini. Mfanye mgeni aliyehamia karibuni. Na amua mapema pwani yako ni ya namna gani, kwa sababu si kote maji hujaa mara mbili. Sehemu kubwa ya Ghuba ya Mexico hujaa mara moja tu kwa siku. Halafu sura ya 7 una mwezi mpevu na maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo tu, usiku mmoja.

MDOGO: Nililipenda neno, "maji mafu".

DADA: Lipende likiwa na nusu mwezi. Mwezi mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, na mwezi mwandamo vilevile.

MDOGO: Na mnara wa taa?

DADA: Mnara uache. Ni kweli kila mnara una mpangilio wake wa kuwaka na kuzima ili nahodha aujue usiku. Watoto hawa wanauiga mpangilio huo kwa tochi, kisha mvulana anauona ukitokea kisiwani, anadhani ni dada... mzuri sana. Nisichokubali ni kilio. Kurasa 40 mvulana analia tu.

MDOGO: Si amefiwa?

DADA: Watoto hawalii hivyo. Analia, halafu anauliza mpira uko wapi. Mkubwa anamwona kama hana uchungu. Mwaka 1999 watafiti wawili, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi. Mara yuko kwenye msiba, mara yuko kwenye maisha. Kwa mtoto mwendo huo ni wa haraka, anaingia na kutoka kwenye huzuni kama mtu anayerukaruka madimbwi.

MDOGO: Maji kujaa, maji kupwa.

DADA: Usiandike hivyo, msomaji atajionea. Nilichokipenda ni yule wa miaka 4. Kila jioni anamwekea dada viatu mlangoni. Maria Nagy alichapisha utafiti mwaka 1948 juu ya watoto wa Hungary wa miaka 3 hadi 10, na wale wa chini ya miaka 5 wengi walikiona kifo kama safari au usingizi, jambo lenye kurudi. Kwa hiyo viatu ni sahihi kabisa. Lakini shangazi anawaambia "dada amelala". Kwenye kitabu ni kosa lake shangazi, sawa, ila nionyeshe matokeo yake. Yule mdogo aanze kuogopa kulala.

MDOGO: Nimeandika hapa. Haya, nipige na hilo la mwisho.

DADA: Kwa nini amerudi mzima?

MDOGO: Nilishindwa, dada. Nilianza ile sura wanaokota skafu yake kwenye miamba. Nikafika nusu, nikafunga kompyuta, nikakupigia.

DADA: Siku ile ulipouliza kama nimekula?

MDOGO: Siku hiyo.

DADA: Kumbe. (kimya) Mimi nikasema huyu anataka kukopa.

MDOGO: (anacheka) Nilikopa pia.

DADA: Ulikopa, na sijalipwa. Lakini sikiliza. Mfikirie mtoto aliyefiwa na ndugu yake anayesoma hiki kitabu. Mvulana amekuwa mwerevu, amefumbua fumbo, dada amerudi. Yeye wake hakurudi. Ataelewa nini? Kwamba hakuwa mwerevu vya kutosha.

MDOGO: Sasa akifumbua fumbo halafu hapati kitu, si nitakuwa nimemdanganya msomaji?

DADA: Anapata. Majira ya maji hukokotolewa mapema, hata mwaka mzima, na kuchapishwa kwenye jedwali. Dada ana jedwali ndani ya daftari lake, umeliandika wewe mwenyewe sura ya 5 na kulisahau. Mvulana alifungue, akute dada amezungushia duara siku ile ya maji kupwa alfajiri. Amelizungushia wiki 3 kabla.

MDOGO: Kabla ya ugomvi.

DADA: Kabla ya ugomvi.

MDOGO: Basi hakuondoka kwa sababu ya neno lake.

DADA: Angeondoka hata kama wangelala wakicheka.

MDOGO: ...Dada, hiyo naichukua.

DADA: Ichukue. Jina langu kwenye ukurasa wa shukrani.

MDOGO: Na chafya nizitoe?

DADA: Thubutu!

MDOGO: Basi nina ukurasa wa mwisho. Viatu havipo tena mlangoni, wanakula, na yule wa miaka 4 anapiga chafya.

DADA: Ngapi?

MDOGO: Mbili. Wote wanaacha kula, wanasubiri.