Siri ya Mgonjwa Huvujia Dirishani

Mhadhara kwa wanafunzi wa afya na wahudumu wa vituo, Mombasa

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Shikamooni wakubwa zangu mlioketi mbele. Nanyi wanafunzi mliosimama huko nyuma, sogeeni, huku ubavuni bado kuna nafasi.

Nimeombwa nizungumzie jinsi kituo cha afya kinavyolinda taarifa za mgonjwa. Kazi yangu ni kumbukumbu za afya, na siku hizi nikitaja jambo hili mawazo ya watu hukimbilia kwa wadukuzi na kompyuta. Nitafika huko. Lakini siri nyingi nilizoona zikitoka kituoni zilitoka kwa mdomo, mchana kweupe, na aliyezitoa hakuwa na nia mbaya hata kidogo.

Tazameni dirisha la mapokezi la zahanati ndogo asubuhi ya Jumatatu. Foleni imefika mlangoni. Rejista iko wazi juu ya meza: jina, umri, mtaa, namba ya simu, ugonjwa, dawa. Mama anayejiandikisha sasa ana majina ya waliomtangulia mbele ya macho yake, na kusoma maandishi yaliyopinduka si kazi ngumu kwa mtu anayesubiri. Hapo mhudumu anauliza kwa sauti ya kushinda vilio vya watoto: "Mama, una tatizo gani?" Mama anajibu chini chini. Anaambiwa, "Sikusikii, sema kwa nguvu." Benchi zima limenyamaza kumsikiliza.

Kurekebisha hilo hakuhitaji bajeti ya kaunti. Chukua karatasi ngumu, ikate mwanya wa upana wa mstari mmoja, ilaze juu ya ukurasa wa rejista. Kila anayeandikwa ataona mstari wake peke yake. Benchi lirudishwe nyuma hatua kadhaa. Mapokezi wanahitaji kujua jina, umri na kama hali ni ya dharura. Mengine yaulizwe ndani, mlango ukiwa umefungwa. Na tafadhali, ile sauti ya "Wa TB njooni huku!" ikome. Mpe mtu namba, uite namba.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Katika kituo, kata ni wengi. Daktari na muuguzi wamefundishwa maadili ya usiri, lakini anayemwaga mapipa yenye karatasi za maabara ni mfagiaji, anayejua nani huja kila mwezi na huingia mlango upi ni mlinzi, na anayefungua kompyuta nzima ikiharibika ni fundi aliyeitwa kutoka mjini. Hawa wote waelezwe, na wote watie sahihi ahadi ya kutunza siri, sawasawa na mwanafunzi anayekuja kwa mafunzo ya wiki chache. Karatasi zenye majina zisiishie kufungiwa mahamri. Zichanwe au zichomwe.

Sasa nije kwenye pagumu zaidi, nalo ni familia. Kwetu mgonjwa haji peke yake. Anakuja na mama mkwe, shemeji, jirani aliyemsindikiza, na wote wanauliza kwa mapenzi. Mzee wa heshima anasimama dirishani: "Binti yangu, nipe majibu ya mke wangu, mimi ndiye ninayelipa." Muuguzi kijana anaona haya kumkatalia mtu wa umri wa baba yake, anampa. Nawasihi mjifunze kukataa kwa adabu. "Shikamoo mzee, karibu ukae. Majibu ya mama tutampa mwenyewe ndani. Akipenda uwepo, nitakuja kukuita." Hujamvunjia heshima, na hujatoa hata neno. Kisha muulize yule mama akiwa peke yake, si mbele ya mumewe, kwa sababu mbele ya mumewe jibu lake unalijua kabla hujauliza.

Mwajiri naye hupiga simu. Anataka kujua mfanyakazi wake anaumwa nini. Cheti cha mapumziko kinatosha kusema mtu huyu hafai kazini kwa siku kadhaa. Jina la ugonjwa halina haja ya kuwepo. Na kwenye simu hujui unazungumza na nani, basi hata kama huyo mtu ametibiwa hapo usithibitishe.

Kwa nini nashikilia hivi? Kwa sababu mtu akiogopa dirisha lenu hatarudi. Wapo wanaoishi hatua chache kutoka CCC, yaani kliniki ya wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na bado hupanda matatu mbili kwenda kuchukua ARV, dawa za kupunguza makali ya virusi hivyo, mji mwingine wasikojulikana. Wapo wanaohamisha vidonge kutoka kwenye kopo hadi mfuko wa plastiki wakiwa bado ndani ya ua wa hospitali, kwa sababu kopo linalia likitikiswa na wenye basi wanaujua mlio huo. Nauli ikikosekana mwezi huo, dozi inakatika. Anayekosa dawa kwa kukosa faragha anaumwa kama yule aliyekosa dawa kwa kukosa fedha.

Nchi yetu imewahi kuliona jambo hili kwa ukubwa wake. Tarehe 23 Februari 2015, Rais Uhuru Kenyatta alitoa agizo kwamba makamishna wa kaunti, pamoja na wakurugenzi wa elimu na wa afya, wakusanye takwimu za watoto wote wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi, habari za walezi wao, na kina mama wajawazito na wanaonyonyesha wenye virusi hivyo. Lengo lilikuwa kupanga huduma, nami siamini aliyeandika alikusudia ubaya. Lakini fomu iliunganisha jina na hali ya mtu, na ingepita mikononi mwa maafisa wasio wa tiba. KELIN, shirika linalotetea haki za afya kwa njia ya sheria, na wenzake walikwenda Mahakama Kuu. Mnamo Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba agizo lile lilikiuka Katiba: Kifungu cha 31 kinacholinda faragha, na Kifungu cha 53 kinachotanguliza maslahi ya mtoto. Aliagiza majina yale yageuzwe kuwa namba za siri, ili jina la mtoto lisikae kando ya hali yake.

Wanafunzi, ishikeni hukumu hiyo. Serikali inaweza kujua inahitaji dawa za watoto wangapi bila kujua ni watoto gani. Ndiyo sababu kliniki za CCC hutumia namba ya tarakimu 10, 5 za kituo na 5 za mgonjwa, na ripoti za kila mwezi hupeleka hesabu bila majina. Kukiwa na kipindupindu mambo ni tofauti kidogo: afisa wa afya ya umma lazima aambiwe upesi na ajue nyumba ilipo, kwa sababu kisima kinasubiri kutiwa dawa. Lakini anaambiwa yeye. Chifu na kikundi cha WhatsApp cha mtaa hawahitaji jina.

Kwa kuwa nimeitaja WhatsApp: najua daktari akikwama hupiga picha ya eksirei au kidonda akamuuliza mwenzake, na ushauri huo umeokoa watu. Basi kata jina, kata uso, kata chale au alama ambayo mtu atajulikana kwayo, na umuombe mgonjwa idhini. Kisha kumbuka simu hiyo hiyo jioni inachezewa na watoto nyumbani. Kuhusu picha za kujitangaza, zile za mama na kichanga chake mnazobandika Facebook, Septemba 2023 Kamishna wa Data, afisa wa serikali anayesimamia ulinzi wa taarifa za watu, aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kliniki haina kinga yoyote dhidi ya adhabu kama hiyo.

Kompyuta nazo. Mfumo wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa kama KenyaEMR unafaa kitu pale tu kila mtu anapoingia kwa neno lake mwenyewe la siri. Likibandikwa kwenye skrini ili zamu nzima ilitumie, siku faili ya jirani itakapofunguliwa bila sababu hutamjua aliyeifungua. Skrini isitazame foleni, na anayehama kituo afungiwe akaunti siku hiyo hiyo.

Wahudumu wa afya ya jamii mlio hapa, mzigo wenu ni mzito kuliko wetu. Sisi tunafunga ofisi. Ninyi mnalala mtaani na watu mnaowatembelea, na simu ya kazi mnayo kitandani. Msipite nyumba ya mgonjwa mmoja tu katika uchochoro, kwa sababu ziara yenyewe inasema. Piteni nyumba kadhaa.

Sheria nitaipitia haraka. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2006 inakataza kutoa matokeo ya mtu bila idhini yake ya maandishi, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, na imeunda baraza maalumu la kusikiliza mashauri hayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na inampa mgonjwa haki ya kuona mlichoandika juu yake na kutaka makosa yasahihishwe.

Taarifa zikivuja na kukawa na hatari ya kweli kwa mgonjwa, kituo kina saa 72 tangu kijue kumwarifu Kamishna wa Data, na mgonjwa mwenyewe aandikiwe bila kucheleweshwa. Kuficha kunaongeza kosa. Na mgonjwa anayetaka kulalamika kwa Kamishna anaweza kufanya hivyo kwa mdomo au kwa maandishi, na uchunguzi unatakiwa kumalizika ndani ya siku 90. Bandikeni anwani ya ofisi hiyo ukutani, pale pale dirishani, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, hata kama mlalamikiwa mtakuwa ninyi.

Nimemaliza yangu. Maswali yaanze na wale waliosimama.