Santuri mbili bila Dylan

Habari za jioni, ndugu zangu. Kabla hatujaiweka sindano kwenye santuri, nina ombi moja: leo waacheni waimbaji kidogo, mtege masikio kwa wanaopuliza.

Albamu yenyewe ni Rock of Ages ya kundi la The Band. Ilirekodiwa jukwaani, mbele ya watu, katika ukumbi wa Academy of Music jijini New York, tarehe 28 hadi 31 Desemba 1971, ikatoka mwaka uliofuata ikiwa santuri mbili. Watano hao, Wakanada wanne na mpiga ngoma Levon Helm, mzaliwa wa Arkansas, walipiga roki iliyonyonya maziwa ya bluzi, kantri na nyimbo za kanisani. Lakini wengi waliwajua kama vijana wa Bob Dylan, yule mwimbaji wa Marekani aliyeanza na nyimbo za gitaa la kawaida, wale waliozunguka naye 1965 na 1966 wakizomewa kwa sababu bwana mkubwa ameshika gitaa la umeme. Helm alichoka kuzomewa, akafungasha virago mapema. Simlaumu.

Sasa, wapulizaji. Wakamwita Allen Toussaint, mtunzi na mpangaji muziki wa New Orleans, awaandikie sehemu za tarumbeta, trombone, saksafoni na tuba. Akaandika nyumbani kwake, akapanda ndege, na mkoba wenye karatasi zote ukapotelea uwanja wa ndege! Maonyesho yako mlangoni. Akajifungia kwenye kibanda karibu na mji wa Woodstock, jimbo la New York, majira ya baridi, akaanza upya. Tutakachosikia leo ni kazi ya mara ya pili.

Wimbo wa kwanza ni “Don't Do It”, wa zamani wa Marvin Gaye. Fuateni sauti nzito za chini. Wapulizaji wanaingia pale mwimbaji anapovuta pumzi, wanamjibu, kisha wanampisha. Kundi lililozoea kujibana linapata kifua kipana ghafla.

Upande wa nne ndio ninaoupenda zaidi. Garth Hudson, mpiga kinanda wa kundi, anabaki peke yake na kinanda chake, zaidi ya dakika saba, akichanganya harufu ya kanisa na vichekesho vyake mwenyewe. Ni mkesha wa mwaka mpya. Saa sita inagonga, anachomeka “Auld Lang Syne”, ukumbi unapiga kelele, naye anaendelea kama mtu aliyekatizwa na mgeni mlangoni, mpaka wenzake wanaingia na “Chest Fever”.

Baada ya hapo, usiku uleule, Dylan mwenyewe alipanda jukwaani. Wakapiga naye nyimbo nne, “Like a Rolling Stone” ikiwemo. Mitambo ilikuwa inarekodi. Hebu fikirini mfanyabiashara wa santuri angefanya nini na dhahabu hiyo! Lakini 1972 hamna hata mmoja uliowekwa kwenye albamu. Ilibidi watu wangoje toleo la 2001.

Mimi nasema ilikuwa heri. Dylan angekuwemo, nani angezungumza tena habari za kinanda cha Hudson? Nani angemkumbuka Toussaint kwenye kibanda chake? Lile toleo jipya ninalo, na nyimbo zile nne ni tamu, siwadanganyi. Huwa nazisikiliza siku nyingine, peke yake.

Haya, upande wa kwanza. Fundi mitambo, tuongezee sauti kidogo, na wale wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo.