Maji ya kuosha kioo ya gari: gani ya kuweka hapa Goma na ngisi ya kuitumia

Jambo bandugu, jambo bashofere bote, leo tunafungua kapo, kile kifuniko cha moteri, juu ya ile maji ya kuosha kioo ya mbele, lavuglasi. Batu mingi hapa Goma banaisahau, kioo ikijaa vumbi mutu anawasha eswiglasi, ile mikono ya kupangusa kioo, kavu vile, krrr krrr, kisha usiku anashangaa mbona taa za wengine zinamuumiza macho. Vumbi yetu si udongo tu, ni mawe ya volkano yenye magari yanasaga kila siku, na ile inakwaruza kioo kabisa. Njo maana, maji kwanza, eswiglasi inafuata.

Haya, simamisha gari fasi sawasawa, zima moteri, fungua kapo. Tafuta kifuniko chenye kapicha ka kioo na maji inaruka, muko munaiona hapa? Kile kingine chenye banaandika LLC kwa hizi Toyota za Japani ni cha maji ya radiateri, usikiguse moteri ikiwa moto, itakuunguza uso. Na kama umeshakosea ukamwanga lavuglasi mule, usiwashe gari, ita mekanisiye aimwange yote kwanza.

Sasa maji yenyewe, hapa njo kuko kazi. Maji ya Kivu iko na chumvi mingi ya mawe, munajua ile weupe inabakia kwa sufuria, basi kwa kioo ni vile vile, ikikauka inaacha madoa na inaziba tundu yenye inarusha maji. Na usiseme mie natumia ya robine, ya robine pia inatoka mu ziwa. Maji ya mvua ingekuwa muzuri, ila yetu inapita mu moshi ya Nyiragongo, inashuka na asidi na majivu, mimi siiweki. Ya muzuri ni maji iliyosafishwa, ile ya kuongeza kwa batri, lakini soma bidoni muzuri juu kuko na ile ingine ya asidi ya batri, ile itakula rangi ya gari na mikono yako.

Kama uko na feza kidogo nenda Birere ununue lavuglasi yenyewe. Muuzaji atakuambia hii ni ya nguvu, angalia wameandika -20, papa, -20 ni ya kule maji inaganda, Ulaya ya baridi, sisi hapa hata usiku wa baridi sana haifike sifuri, unalipia pombe ya bure. Chukua ya kawaida, rangi ya bleu ao ya kijani haina maana. Angalia tu kama ni ya kumwanga moja kwa moja ao ya kuchanganya na maji, wanaandika kipimo kwa bidoni. Na ile yenye metanoli ni sumu, inaweza kupofusha mutu na kumuua, usiiweke kwa chupa ya fanta hata siku moja, batoto banakunywa.

Hauna feza? Litre moja ya maji iliyosafishwa na matone mawili ya sabuni ya maji ya kuosha sahani, basi. Ukizidisha ni povu, utaona mistari. Omo hapana, unga inabakia chini na inaziba pompi.

Mwanga polepole na entonwari, funga kifuniko. Kwa gari ya Japani ya volani kuume, kifimbo cha eswiglasi kiko kushoto, ukivuta kwako maji inaruka. Vuta kidogo kidogo, usikamate sekunde kumi, na maji ikiisha acha kabisa, pompi inapoa na ile maji, bila maji inaungua.

Ukisikia pompi inalia na maji haitoke, tundu imeziba, ingiza shindano polepole uizungushe. Pompi hailie kabisa? Anza na fizibule, kale kadogo kenye kanaungua umeme ikizidi, mbele ya kununua pompi mupya. Na kama maji inaruka juu ya paa inalowesha mutu wa pikipiki nyuma yako, na ile shindano ile geuza kile kichwa kidogo kishuke, maji ipige katikati ya kioo. Pale, munaona? Imeenea. Funga kapo.