Mji wa Mlango Mmoja: Nilivyoutazama Mwamba wa Monemvasia

Assalaam aleikum, na wengine nyote hamjambo. Asanteni kwa kuja na joto hili.

Nimeombwa nizungumzie safari yangu ya Ugiriki, na najua wako wanaongoja habari za mahekalu ya Athens. Hayo picha zake mmezichoka. Mimi nimekula mshahara wa maji maisha yangu yote, visima, matangi na mabomba, na mtu wa maji akifika ugenini ana swali moja linalomwasha kabla hata hajapewa kiti: watu wa hapa wanakunywa nini? Swali hilo ndilo lililonipeleka Monemvasia.

Kusini mwa Ugiriki kuna rasi kubwa iitwayo Peloponnese, ina vidole vinavyochomoza baharini. Kwenye kidole cha mashariki, hatua chache kutoka ufukweni, umesimama mwamba peke yake majini. Ubavu wake ni genge tupu, na tambarare ya juu iko zaidi ya meta 100 kutoka baharini. Mwishoni mwa karne ya 6 watu waliokuwa wakiwakimbia Waslavi na Waavari, makabila yaliyovamia kutoka kaskazini, walihamia huko, wakapaita Monemvasia, yaani mahali penye njia moja ya kuingilia. Hakuna kisima. Hakuna chemchemi. Nilipolisoma hilo nikajisemea, hapa pana mafundi.

Kutoka Athens ni safari ya kutwa kwa basi, unapitia Sparta. Basi linakushusha kijiji cha bara kiitwacho Gefyra, na gefyra kwa Kigiriki ni daraja. Ukisimama pale utadhani umepotea, maana mbele yako kuna jiwe tu. Mji wote umejificha upande wa pili, unaotazama bahari, na kutoka bara huoni hata paa moja. Unavuka tuta, unafuata barabara chini ya genge, unapita makaburi alikozikwa mshairi Yannis Ritsos, aliyezaliwa hapo hapo mwaka 1909, kisha ghafla ukuta unakuziba.

Lango ni dogo kuliko nilivyotarajia. Milango yake imepigwa mabamba ya chuma, na chuma kina matundu ya risasi. Ukiingia, njia inapinda ndani ya giza, kwa hiyo aliye nje haoni kilichomo, na adui anayeingia mbio anagonga ukuta. Ukitokeza upande wa pili uko kwenye kichochoro ambacho mtu wa Mji wa Kale hapa Mombasa hawezi kukishangaa: upana wa punda na shehena yake, basi. Gari haliingii. Mizigo inabebwa na punda na mahamali, kila kitu, hadi godoro.

Sasa, wageni wote walikuwa wanapiga picha kuta. Mimi nilikuwa nimekodoa macho juu, natazama vigae, hadi mama mmoja akaniuliza kama nimepotelewa na paka. Nilikuwa nafuata mlizamu. Kila paa lina mteremko, mteremko unaingia kwenye mfereji, mfereji unashuka ukutani na kuzama ndani ya nyumba. Chini ya nyumba, mahali ambapo sisi tungeweka stoo, wao wamejenga birika la matao. Lipu yake ya ndani ni chokaa iliyochanganywa na vigae vilivyosagwa, ndiyo maana ina rangi ya waridi. Mchanganyiko huo haupitishi maji, na Warumi waliujua kabla ya sisi kusikia neno saruji. Mvua ya huko hunyesha majira ya baridi. Kiangazi ni kikavu kabisa. Kwa hiyo kila familia ilikuwa na hesabu yake chini ya sakafu, na ndoo ndiyo iliyokuwa karani.

Kule juu kwenye tambarare, palipokuwa mji wa pili ambao leo ni magofu, kuna mabirika ya umma. Njia ya kupanda ni ya ngazi za mawe, zigizaga, na mawe yamesuguliwa na nyayo za karne nyingi hadi yanateleza kama sabuni. Mimi mjuzi wa mambo nilipanda na makubadhi. Nilianguka mara mbili, ya pili mbele ya watoto wa shule. Vaeni viatu vyenye meno, na mpande asubuhi kabla jua halijapanda nanyi. Huko juu kuna kanisa la karne ya 12, Agia Sofia, lenye kuba moja kubwa, limekaa ukingoni mwa genge. Waturuki walipotawala waliligeuza msikiti. Lakini miguu yangu ilinipeleka birikani kwanza, Mungu anisamehe.

Nilikaa ukingoni mwa birika mojawapo nikaanza kuwaza vita, maana swali la maji ni swali la vita. William wa Villehardouin, mtawala wa Kifaransa wa Peloponnese, aliuzingira mwamba huu kwa miaka mitatu, hadi mwaka 1248 hivi. Ukuta haukuvunjwa. Maji yalitoka mbinguni bila kumwomba ruhusa. Kilichokwisha ni chakula: masimulizi ya zama hizo yanasema walikula paka na panya, na walipokwisha, wakubwa wa koo tatu, Mamonas, Daimonoyannis na Sophianos, wakatoka na funguo.

Mwaka 1821, Wagiriki walipoasi utawala wa Waturuki, waliokuwa ndani ya ngome ni Waturuki. Wakazingirwa kwa miezi, na Julai wakafungua lango kwa njaa. Kabla ya hapo, mwaka 1540, Wavenisi, watu wa dola ya Venisi ya Italia waliokuwa wakiushika mji, walikuwa wamewaachia Waturuki kwa mkataba, mezani. Yaani mafundi wa Monemvasia walishinda hesabu ya maji, wakashindwa hesabu ya mkate. Jiwe walilifundisha kutoa maji. Ngano likakataa.

Mzee pale mbele anatabasamu, najua anawaza nini. Naam, Ngome ya Yesu, hapo tu. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, karibu miaka mitatu vile vile, na waliowamaliza Wareno ndani ni maradhi na njaa kuliko mizinga. Siku mkienda na wageni, waonyesheni mizinga, ila pitieni na pale wanapokinga mvua.

Yule William hamjui mwisho wake. Mwaka 1259 alipigwa vitani na Wabizanti, Wagiriki wa dola ya Kirumi ya mashariki, huko Pelagonia, akajificha kwenye marundo ya majani. Akatambuliwa kwa meno yake, yalikuwa yamechomoza mbele. Ili aachiliwe ilibidi atoe ngome, na mojawapo ikawa Monemvasia. Mji alioutafuta miaka mitatu ulimponyoka kwa sababu ya meno!

Utajiri wao ulitoka baharini, na hapa mtanivumilia, ulikuwa wa mvinyo. Mvinyo uliopitia bandari yao ulichukua jina la mji, ukaitwa Malvasia, na Waingereza wakalitafuna jina hilo likawa Malmsey. Zabibu hazikustawi mwambani, ziliota bara na visiwani. Mwamba ulikuwa bandari tu.

Nilikofikia, mwenye nyumba ni mama wa makamo, Kiingereza chake na changu vilikuwa vinasaidiana. Alipojua kazi yangu alinishika mkono hadi chini ya ngazi, akasogeza zulia, akainua mfuniko wa jiwe. Akanipa kokoto. Nikaidondosha, na sauti ikachelewa kidogo kuja. Kwa maji hayo anamwagilia maua. Nikaomba kuonja, akacheka, akateka. Yalikuwa baridi, na nyuma yake kuna ladha ya chokaa, ile ile ya birika la nyumba ya bibi yangu.

Picha ya mfuniko huo ninayo, na za milizamu ninazo nyingi kupita kiasi. Kijana wa projekta, tafadhali tuzimie taa.